Sola Yako Inaleta Stima Kiasi Gani?
Kijitabu cha mwenye nyumba, Karatina na viunga vyake

Nyuma ya kila paneli kuna kibandiko. Kikiandikwa wati 200, maana yake paneli hiyo ilipimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ikatoa wati 200. Juu ya mabati ya Karatina, mwanga huo na joto hilo hukutana kwa nadra. Kinachokuhusu wewe ni kile kinachofika kwenye soketi, na hicho hakijaandikwa popote mpaka ukipime. Wengi hukimbilia kuongeza paneli, kumbe kasoro iko kwenye waya, kontrola (kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri) au betri.

Kibandiko kimewahi kuwaponza Wakenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Arne Jacobson, Richard Duke, Daniel Kammen na Mark Hankins walipima paneli ndogo za silikoni ya amofasi, za bei nafuu, zilizokuwa zimeenea vijijini. Baadhi ya chapa zilikaribia kile kilichoandikwa. Nyingine zilikuwa chini sana. Kwa macho zilifanana.

Jua letu

Karatina iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mawingu. Kwa hesabu ya mwaka mzima, chukua saa 5 za jua kamili (ule mwanga wa wati 1,000) kwa siku. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, ukungu wa mlima unapokaa hadi adhuhuri, chukua saa 3 au 4. Jamaa yako wa Nanyuki, upande mkavu wa mlima, atavuna zaidi kwa paneli ileile, kwa hiyo usijilinganishe naye.

Baridi yetu ina faida yake. Kila nyuzi moja ya joto la seli juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Siku anga linapofunguka, paneli ya Karatina hutoa zaidi ya mwenzake wa Mombasa chini ya mwanga uleule. Tena, miezi hiyo ya baridi jua huwa upande wa kaskazini. Ukiwa na hiari, tumia paa linaloelekea kaskazini, lenye mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi.

Kupima

Unahitaji malitimita na klampu inayopima ampea za DC, yaani stima ya paneli na betri. Klampu nyingi za bei ya chini hupima AC pekee. Uliza kabla ya kulipa. Kontrola nyingi za siku hizi huonyesha volti, ampea na hata jumla ya siku, na hizo zinatosha kuanzia.

Pima karibu na saa sita mchana, anga likiwa wazi na betri ikiwa bado haijajaa. Sharti hilo la betri ni muhimu mno: betri ikijaa, kontrola huzuia stima ya paneli, nawe utailaumu paneli bure. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Paneli mbili za wati 200 zikikupa wati 300 au zaidi, zina afya.

Kisha andika jumla ya kila siku kwa wiki nzima. Kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja unayonunua kwa tokeni, kwa hiyo hesabu ni rahisi: wati 400 kwa saa 5 ni yuniti 2. Mtambo mzuri wenye betri utakuachia yuniti 1.2 hadi 1.4 za kutumia. Ukipata 0.7 kwa siku katika wiki ya jua, kuna mahali zinapovuja. Ila kama betri hujaa kabla ya saa sita kila siku, hakuna kinachovuja: una stima ya ziada usiyoitumia.

Zinapopotelea

Anza na kontrola, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa hujificha. Kontrola ya PWM huivuta paneli hadi kwenye volti za betri. Paneli ya seli 60 hufanya kazi kwenye volti 30 hivi. Iunge na betri ya volti 12 kupitia PWM, na zaidi ya nusu ya nguvu yake haitafika. Kuongeza paneli ya pili ya aina hiyo ni kuongeza hasara. Dawa ni kontrola ya MPPT, ambayo huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake.

Inveta (inayogeuza stima ya betri kuwa ya soketi) inayokula wati 20 bila mzigo wowote humaliza karibu nusu yuniti kwa saa 24. Kwa mtambo wa mfano wetu, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya yuniti unazoachiwa. Izime mnapolala.

Waya: pima volti kwenye paneli na kwenye kontrola, mtambo ukichaji. Tofauti ikizidi asilimia 3, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea.

Betri ya asidi hurudisha takriban asilimia 80 hadi 85 ya ulichoweka; ya lithiamu hukaribia 95. Betri ya asidi ya volti 12 ikipumzika huonyesha 12.7 ikiwa imejaa. Ukiikuta chini ya 12.2 kila alfajiri, unaitumia kupita nusu, na maisha yake yatakuwa mafupi.

Kivuli nacho: seli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo tawi moja la mparachichi huangusha nguvu ya paneli nzima. Tazama paa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Tahadhari

Usipime ampea kwa kuweka nyaya za malitimita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Utaunguza kifaa na pengine mkono. Usichomoe waya wa paneli stima ikipita. Kazi ya kubadilisha mtambo mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na umwombe akuonyeshe daraja lake, T1 hadi T3. Mitambo mikubwa na ile iliyounganishwa na stima ya Kenya Power ni ya T3.

Kabla ya kununua paneli nyingine yoyote, mpe fundi huyo daftari lenye vipimo vya wiki moja ya Julai na wiki moja ya Januari, na umtake akueleze hasara iko wapi.