Kaye ya kupima kahawa: inasema nini, haisemi nini

Mradi ukifika mwisho, wageni wanakuja Idjwi na karatasi za maswali: "Ulivuna kilo ngapi mwaka jana? Na mwaka juzi?" Nani anakumbuka? Mkulima anataja hesabu yoyote ili mgeni aende. Kumbe jibu liko pale kwenye stasio ya kuosha kahawa, ndani ya kaye ya kupima: jina, tarehe, kilo, pesa.

Sisi maagronome tunaomba kaye hiyo ifunguliwe kwanza. Lakini tukumbuke, iliandikwa kwa kulipa watu, si kwa kupima mradi. Inajua kilo zilizoletwa, haijui kilo zilizovunwa. Kahawa iliyovuka ziwa usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda haimo. Basi kilo zikipanda mwaka ambao ushirika ulilipa bei nzuri, pengine shamba halikubadilika hata kidogo. Njia ya kahawa ndiyo iliyobadilika. Bei ya kila mwaka iandikwe kando ya kilo.

Linalotuuma zaidi ni miti iliyokatwa. Mkulima aliyefuata somo akakata mibuni mizee ibaki visiki, mwaka unaofuata havuni kitu kwenye miti ile; inarudi kuzaa vizuri mwaka wa pili au wa tatu. Tuseme mama mmoja alileta kilo 600, akakata nusu ya miti, akaleta 300. Kwenye kaye anaonekana ameshindwa, na jirani ambaye hakugusa mti wake anaonekana hodari! Mfadhili akisoma hivyo tu, anaweza kufunga mradi wakati machipukizi yanakaribia kuzaa. Kwa hiyo chukueni fishi za monitere, zenye hesabu ya miti iliyokatwa na tarehe, mziweke pamoja na kaye.

Tena mbuni ukizaa sana mwaka huu, mara nyingi mwakani unapumzika. Linganisheni miaka miwili kwa miwili, kwa wanamemba wale wale. Jumla ya ushirika inadanganya: memba wapya wanaipandisha.

Angalieni na majina. Kadi ni ya baba, aliyebeba kahawa ni mama. Hapo karani wa mzani ataeleza, anazijua sura.

Kaye ni mali ya wanamemba, kwa hiyo komite ikubali kwanza, na kwenye ripoti majina yawe namba. Kila ukurasa upigwe picha kabla ya mavuno mapya. Panya na mvua hawangoji tathmini.