Upinde wa Mtoto na Jicho Lake

Mama, wakati wa likizo kubwa, mwezi wa saba na wa nane, shule zimefungwa na mvua imekatika. Watoto wako wapi? Wasichana wengine wako kisimani, wengine wamebeba wadogo zao. Wavulana wameingia kwenye miti. Hapa Nyalukemba msitu wenyewe hakuna tena, lakini kuna mikalitusi kwenye miteremko, kuna migomba nyuma ya nyumba, kuna vichaka kando ya ziwa. Hapo ndipo mtoto anakunja fimbo, anafunga kamba ya nailoni, anachonga tete, na tayari ana upinde. Anatafuta kitu cha kulenga: kisiki, kichuguu, shina la mgomba, avoka inayoning'inia juu.

Somo letu la leo ni juu ya mchezo huo. Hatutaki kukuambia uuvunje kila upinde unaouona. Mchezo huu ni wa zamani sana. Ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda, una jina lake, kumasha, na watu wazima walishindana nao. Kule Ituri baba wa Kimbuti anamtengenezea mwanawe upinde mdogo kabla mtoto hajaweza kwenda mawindoni. Kando ya ziwa Eyasi, Tanzania, watoto wa Wahadza wanapewa upinde wakiwa wadogo kabisa, na siku nzima wanalenga vitu vya porini. Mchezo unafundisha mkono kutulia na jicho kupima umbali. Tena mtoto anayelenga kisiki hayuko barabarani kati ya magari. Shida ni moja: mshale unapokosea njia, mara nyingi hatuna muda mrefu wa kuokoa jicho, na sisi wazazi tunaupoteza muda huo nyumbani.

Kwanza tuangalie namna mtoto anavyoumia, maana si vile watu wanavyofikiri. Watu wanafikiri ni ugomvi, mmoja amempiga mwenzake kwa kusudi. Hiyo inatokea, lakini mara nyingi ni mchezo tu. Chukua ile avoka ya juu. Mtoto anarusha mshale, unakosa, unapotea kwenye majani. Wote wanafanya nini? Wanainua uso kuangalia mshale uko wapi. Na mshale unarudi chini, ncha mbele, na macho yote yako wazi yanauangalia! Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia mtoto ni hili: usilenge juu. Tunda la juu linaangushwa kwa mti mrefu wa kuvunia, si kwa mshale.

Kisiki nacho kina mambo yake. Kisiki kilichooza, au shina la mgomba uliokwisha kukatwa, ni laini: mshale unaingia na kubaki. Lakini kisiki kikavu cha mkalitusi ni kigumu sawa na jiwe. Mshale unaruka pembeni au unarudi nyuma, au tete linapasuka na vipande vinatawanyika. Shabaha nzuri ni laini na iko chini. Tena nyuma yake kuwe na udongo wa mlima. Sisi watu wa Bukavu tumejengwa kwenye miteremko. Chini ya kila kichaka kuna njia, na chini ya njia kuna nyumba ya mtu. Mtoto alenge kuelekea mlimani, ili mshale uliokosa uchome udongo. Asilenge kuelekea chini, ambako mama mwingine anapita na kuni kichwani wala hajui kuna mchezo.

Halafu kuna wakati wa kuchomoa. Mshale umeshika kabisa kwenye mgomba, mtoto anauvuta kwa nguvu, mwenzake amesimama nyuma yake akichungulia. Mshale unatoka kwa ghafula na sehemu ya nyuma inaingia kwenye jicho la yule anayechungulia. Anayechomoa awe peke yake, wengine wakae mbali. Na wakati mmoja anatafuta mshale nyuma ya shabaha, nani atajua kwamba yuko pale? Wapiga upinde wana desturi nzuri: anayekwenda nyuma anaacha upinde wake umeegemea mbele ya shabaha. Wenzake wakiona upinde pale, hakuna anayevuta kamba. Mfundishe mtoto wako desturi hiyo, ataipenda, maana inamfanya ajione mtu mkubwa.

Juu ya ncha, sema neno moja kali: chuma hapana. Watoto wanatoa vyuma vya mwavuli uliovunjika au spoki za baiskeli, wanavisugua juu ya jiwe mpaka vinakuwa kama sindano. Chuma cha namna hiyo kinapita jicho kabisa. Ncha ifungwe kitambaa au ichomekwe kwenye kigunzi cha muhindi. Lakini usidanganyike: kigunzi hakitoboi, ila kikigonga jicho kinaweza kuleta damu ndani yake, na hiyo pia ni kazi ya munganga. Na kama babu alikuwa mwindaji na mishale yake ingali juu ya dari, watoto wasiiguse. Wawindaji wengi wa zamani walipaka sumu ya miti, na hakuna anayejua ni mshale upi.

Neno jingine, la huku kwetu. Vita vimepita Bukavu mwaka 1996, 1998, 2004 na tena 2025. Mtoto akikuta kitu cha chuma asichokijua ndani ya kichaka, asikiguse, asikilenge, asikirushie hata jiwe. Arudi njia ile ile aliyokuja nayo, amwambie mtu mzima. Vichaka vya mti na udongo vinatosha kwa mchezo.

Sasa tuseme jambo limetokea. Mtoto anarudi jioni, mkono uko kwenye jicho. Unamuuliza, anasema, "Mama, ni vumbi tu iliniingia." Kwa nini anasema hivyo? Juu ya fimbo. Anajua alikatazwa, anaogopa kupigwa, au anamlinda rafiki yake. Analala nalo. Kesho jicho limevimba, kesho kutwa mama analeta mtoto na kidonda kimekwisha kuoza. Tunakuomba, mama: mtoto ajue tangu leo kwamba akiumia jicho hatapigwa. Mwambie kabla, si siku hiyo. Kukaripia kutangoja, jicho halingoji.

Mpeleke kwenye mwanga, muangalie bila kugusa. Je, ile duara nyeusi ya katikati imebaki mviringo, au imevutika kama tone la maji? Je, kuna damu ndani, mbele ya rangi ya jicho? Je, kuna kitu cheusi au ute unaotoka? Funika jicho zima kwa kiganja, umwonyeshe vidole: anaviona? Ukiona alama moja katika hizo, jicho limeumia ndani. Na usipoona alama yoyote, lakini unajua mshale au kijiti kimegonga, mlete tu. Tundu dogo linaweza kujificha, na wakati mwingine haliumi sana.

Hapa ndipo mama wengi, kwa moyo mzuri, wanaharibu. Wengine wanakamulia majani. Wengine wanatia maziwa ya ziwa. Maziwa yako ni chakula bora kwa mtoto mchanga, lakini jicho lililopasuka halitaki kitu chochote kutoka nje. Wengine wanakwenda duka la dawa kununua matone. Mti na majani mara nyingi yanaingiza kuvu ndani ya jicho, na matone yenye kotizoni yanaipa kuvu nguvu. Jicho linatulia siku mbili, mama anafurahi, kiisha linageuka jeupe.

Fanya hivi. Usioshe jicho lililotobolewa. Usilikandamize, usilifunge kwa kukaza. Chukua kikombe safi cha plastiki au kata kipande cha kartoni ukikunje kama koni, ukiweke juu ya jicho kikiegemea mfupa wa uso, kisiguse jicho lenyewe. Funga kwa kitambaa pole pole. Kama kijiti kingali ndani, usikichomoe hata kidogo, hata kama mtoto analia akuombe. Kikombe kikiwa kifupi, kitoboe chini kijiti kipite. Ni vilevile kwa mshale ulioingia tumboni au kifuani: unachomolewa hospitalini tu. Mtoto akae wima, asipige kamasi, asikimbie. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda atalazwa kwa dawa ya kupasuliwa siku hiyo hiyo. Mlete usiku kama ni usiku.

Kuna mama atauliza: "Kama jicho limekwisha kufa, haraka ya nini?" Mara chache, jicho lililotobolewa na kuachwa linaweza kufanya hata lile zima liugue, wiki au miezi baadaye. Munganga anaangalia yote mawili.

Na sindano? Mshale umelala kwenye udongo na mavi ya ng'ombe, na huko ndiko vijidudu vya pepopunda, ambayo wengi tunaiita tetanosi, vinakaa. Ugonjwa unaanza siku 3 mpaka 21 baada ya kidonda, pengine kidonda kimekwisha kupona: taya zinakaza, mtoto hawezi kufungua kinywa, mgongo unapindika. Sindano unayochomwa wakati wa mimba inakulinda wewe na yule atakayezaliwa. Haimlindi kaka yake wa miaka 9. Yeye alichomwa zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama hukukosa hata moja, na nguvu yake inapungua kwa miaka. Ukija na kidonda chochote cha mshale, hata cha mguu, leta fishi yake ya watoto wachanga kama ungali nayo, umwambie munganga sindano ya mwisho ilikuwa lini. Kama fishi imepotea, sema imepotea, atachomwa.

Jambo la mwisho linaweza kufanyika leo jioni, hata kama hakuna aliyeumia. Mwangalie mtoto anapolenga. Kufumba jicho moja ni kawaida. Lakini mwambie abadilishe, afumbe lile lingine, alenge tena kile kisiki. Akikuambia, "Mama, sasa sikioni," jicho hilo ni dhaifu, na labda hakuna aliyejua tangu azaliwe, maana lile zima lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Likitibiwa kabla ya miaka 7 au 8, mara nyingi linaweza kufundishwa kuona. Baadaye ni vigumu zaidi. Fanya hivyo pia kwa wasichana, wasioshika upinde. Waonyeshe ndege juu ya mti, jicho moja moja, na siku ya kupima watoto utuambie uliyoyaona.