Kwa nini namwelewa mwalimu, lakini simu siielewi?

Wazazi wengi wanaosoma Kiingereza wanatuuliza swali hili. Darasani unajibu vizuri. Kesho yake zahanati inapiga simu, na huambulii hata neno moja. Wengine wanasema, "Nimezeeka, akili haishiki tena." Sivyo. Ubongo wako bado haujazoea sauti za watu wa kutosha.

Kila mtu na sauti yake

Koo na mdomo wa mwanamume, mwanamke na mtoto havilingani, kwa hiyo neno moja hutoka tofauti kwa kila mmoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1952, watafiti wawili wa hapa Marekani, Gordon Peterson na Harold Barney, walirekodi watu 76 wakisema maneno 10 ya Kiingereza. Walipopima sauti kwa mashine, walikuta irabu ya mtu mmoja inaweza kufanana na irabu nyingine kabisa ya mtu mwingine. Hata hivyo, wasikilizaji walielewa maneno mengi bila shida, kwa sababu ubongo hujirekebisha kwa kila msemaji.

Wewe pia unafanya hivyo kwa Kiswahili. Mtu wa Bukavu, wa Kigoma au wa Mombasa akisema "maji", hata akiwa mtoto wa miaka mitatu, unasikia maji tu. Umeshasikia Kiswahili kwenye vinywa vya maelfu ya watu.

Kwa Kiingereza umesikia wachache, labda mwalimu mmoja. Tena Kiswahili kina irabu 5, na Kiingereza kina zaidi ya 10. Ndiyo maana "live" na "leave" tunazisikia kama neno moja. Simu inaongeza ugumu: midomo huioni, na simu nyingi hukata sehemu ya sauti nyembamba, hivyo "s" na "f" zinafanana.

Sikiliza watu wengi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwafundisha Wajapani kutofautisha "r" na "l" za Kiingereza, sauti ambazo hata baadhi yetu zinatusumbua. Waliosikiliza wasemaji kadhaa waliweza kuwaelewa hata watu wapya. Waliosikiliza msemaji mmoja waliendelea vizuri naye, lakini kwa sauti ngeni walikwama. Wote walikuwa watu wazima, kwa hiyo umri si kizuizi.

Mambo ya kufanya

1. Kila siku sikiliza Kiingereza dakika 15, kwa sauti tofauti: redio, majirani, watoto, wazee. Rudia kipande kifupi badala ya kuacha televisheni ikiongea yenyewe.

2. Simu ikianza, usikate. Maneno ya kwanza yanausaidia ubongo kuizoea sauti ya msemaji. Sema: "Please say it again slowly."

3. Chunga namba. "Fifteen" na "fifty" zinachanganya hata wenyeji. Uliza tarakimu moja moja: "One five, or five zero?" Hapo ndipo kodi ya nyumba, saa ya miadi na kipimo cha dawa vinapoharibika.

4. Usiseme "yes" kwa heshima tu kama hujaelewa. Daktari atadhani umekubali.

5. Omba mkalimani: "Swahili interpreter, please." Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Usimtumie mtoto wako. Yeye anasikia Kiingereza vizuri, lakini mambo ya ugonjwa wa mama au baba ni mzigo usiomfaa, na maneno ya hospitali hajayajua.

Kuomba mkalimani hakumaanishi umeshindwa kujifunza. Endelea na darasa, na msikilize pia yule jirani anayeongea haraka. Haba na haba hujaza kibaba.