Kumpima Mtoto kwa Mafumbo ya Kujumlisha

Mtoto wa miaka 6 au 7 anayeshindwa fumbo la kujumlisha huenda hajashindwa hesabu. Mpimaji amsomee kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani kwake, huku vizibo vya soda vikiwa mezani: "Asha ana maembe 3. Mama akampa mengine 5. Sasa ana mangapi?" Kisha amwulize 3 + 5 pasipo hadithi. Akijibu 8 hapa ilhali alikwama kwenye fumbo, vichunguzwe usikivu, lugha na kumbukumbu. Masikio yapimwe kabla mtoto hajaitwa mzito.

Fumbo gumu zaidi ni hili: "Asha alikuwa na maembe 3. Mama akamwongezea mengine, yakawa 8. Alimwongezea mangapi?" Wengi husikia neno "akamwongezea" wakajibu 11. Katika umri huu kosa hilo ni la kawaida, wala si dalili ya ugonjwa. Mpimaji asilisahihishe upesi. Amwombe mtoto asimulie fumbo kwa maneno yake na aonyeshe kwa vizibo alivyofikiri. Katika fumbo la kwanza, anayehesabu vizibo vyote kuanzia 1 yuko hatua moja nyuma ya yule anayeshika 5 akaendelea 6, 7, 8. Alama ya vema haionyeshi tofauti hiyo. Iandikwe kwenye faili.