HARUNI ASIACHWE PEKE YAKE

Somo kwa mashemasi, wakubwa wa vikundi, wamama, vijana na waamini wote

Mafungu ya kusoma kwanza: Kutoka 2:1-10, 4:10-16, 17:8-13, Luka 15:25-32, Yohana 9:1-3, Matendo 6:1-7



Somo la leo linahusu watoto tunaowaona kila siku lakini hatuwaangalii. Juu ya watu wenye ulemavu tumekwisha kufundisha mara nyingi. Leo tunasema juu ya wale waliozaliwa nao tumbo moja, wakubwa wao na wadogo wao. Tunaomba mlisome polepole, maana sisi tunaoliandika tumeanza kwa kujihukumu wenyewe.

1. MOTO WA SANGE NA MTOTO ALIYEFUNGUA MLANGO

Kila mtu wa Sange anaijua siku ile. Ijumaa tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, jioni, kamioni ya kubeba mafuta ya gari ilipinduka hapa kwetu kwenye barabara kubwa ya Bukavu na Uvira. Mafuta yakamwagika. Watu wengine wakaenda kuchota na bidoni. Wengine walikuwa wameketi ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Afrika ya Kusini. Moto ukawaka, ukawafikia wote, waliochota na wasiochota. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi kati yao walikuwa watoto. Kesho yake walizikwa katika makaburi ya pamoja. Waliojeruhiwa wakapelekwa katika hospitali za Uvira na Bukavu.

Waliokufa walihesabiwa. Waliochomwa walihesabiwa. Lakini iko hesabu ya tatu ambayo hakuna aliyeifanya.

Katika nyumba moja ya waamini, kijana alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeungua toka begani hadi vidoleni. Wanaojua majeraha ya moto wanajua kwamba kidonda kikipona, ngozi hujivuta na kukunja kiungo. Kusipokuwa na kuunyoosha kila siku, mkono hufunga na haufunguki tena. Wauguzi waliwaonyesha wazazi namna ya kuunyoosha. Baba alikuwa shambani, mama hakuweza kuvumilia kilio cha mtoto wake. Kazi ile ikabaki kwa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na miwili. Asubuhi aliunyoosha, jioni aliunyoosha. Kaka alilia na kumtukana, yeye akaendelea.

Sisi mashemasi tulikwenda katika nyumba ile kila Jumatano. Tulibeba sabuni na sukari, tukaimba, tukapiga magoti kandokando ya kitanda, tukaweka mikono juu ya mgonjwa. Msichana alitufungulia mlango, akatandika mkeka, akaleta maji, akatoka nje. Siku moja, tulipokuwa tukivaa viatu, alitusemesha kwa sauti ndogo: “Papa shemasi, munamuombea kaka kila juma. Mimi nikiwa na neno, nilipeleke kwa nani?”

Tulitaka kumjibu kwa jina lake, tukaona hatulijui. Zaidi ya mwaka mzima tulikuwa tukinywa maji ya mkono wake. Ndipo tukauliza na habari za masomo, tukaambiwa aliacha shule juma lile la moto, akiwa katika mwaka wa tano, na hakurudi.

Tuliondoka kimya. Somo hili lilianzia mlangoni pale.

2. BIBLIA INAWAONA NDUGU HAWA

Tumefundishwa sana juu ya Musa. Lakini tazameni ni nani wanaosimama karibu naye.

Musa alipokuwa mtoto mchanga katika kisanduku mtoni, dada yake alisimama mbali kidogo akilinda. Alikuwa mtoto naye, na alikuwa peke yake. Kisha binti ya Farao alipofika, msichana yule alijua la kusema. Wokovu wa Musa ulipitia katika ujasiri wa dada mdogo wa umri.

Musa alipokuwa mtu mzima, alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito na hawezi kusema vema. Mungu akampa Haruni ndugu yake awe kinywa chake. Haruni alimzidi Musa miaka mitatu (Kutoka 7:7). Basi hapa tunaye mkubwa anayesema kwa ajili ya mdogo wake. Watoto wangapi hapa Sange wanafanya kazi ya Haruni? Wanamfasiria ndugu yao kiziwi kwa mikono. Wanamwongoza kipofu njiani. Wanamshika mwenye kifafa asianguke motoni.

Katika Luka 15 yuko kaka aliyebaki nyumbani akifanya kazi. Tunapenda kumhukumu kaka huyu. Lakini angalieni baba alivyofanya: alitoka nje kwenda kwake. Hakumtuma mtumishi. Alimsikiliza hasira yake yote, hata neno lile la kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi. Mtoto aliyebaki na kazi ana haki ya kufuatwa nje na kusikilizwa.

3. MIZIGO WANAYOBEBA

Tumezunguka katika nyumba kadhaa kabla ya kuandika, tukakuta mizigo minne.

Wa kwanza ni kazi. Kuchota maji mara mbili, kuosha, kulisha, kubeba mgongoni. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali katika nchi yetu ni ya bure. Lakini mtoto wa namna hii hata asipodaiwa franka moja, bado hawezi kwenda, kwa sababu mikono yake inahitajiwa nyumbani.

Wa pili ni ukimya. Mtoto huyu anaona wazazi wamechoka, anaficha homa yake, anaficha njaa yake, hasemi kama mwalimu amemfukuza. Watu wanamsifu kuwa ni mtoto mzuri asiyesumbua. Wapendwa, mtoto asiyesumbua kamwe inafaa aulizwe.

Wa tatu ni aibu. Akienda kisimani wanamwita kwa ulemavu wa ndugu yake. Akifika umri wa kuolewa, ukoo wa kijana unarudi nyuma ukisema nyumba hii ina laana. Tena moyoni mwake ana hasira juu ya ndugu yake, kisha anajichukia kwa sababu ya hasira ile.

Wa nne ni kesho. Wazazi wakifa, nani atabaki na mwenye ulemavu? Mtoto wa miaka kumi na mitano analiwaza jambo hili usiku, na hakuna mtu mzima aliyeketi naye kulizungumza.

Na kwetu katika Bonde la Ruzizi uko mzigo mwingine tena: kukimbia. Mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Bukavu, maelfu ya watu wa bonde letu walivuka mto kwenda Burundi. Wakati wa mbio, asiyeweza kutembea anabebwa na nani? Biblia inatuonyesha katika 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Yaya wake alimbeba akikimbia kwa haraka, mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu miwili. Yule mlezi alikuwa peke yake. Hatujui kama alijisamehe.

4. NENO KWA WENYE KARAMA YA UNABII

Hapa tunasema kwa heshima, lakini tunasema wazi, maana kanisa letu ni kanisa la unabii.

Wako waliosimama katika maombi ya usiku wakasema kwamba miguu ya mtoto fulani imefungwa na dada yake, au kwamba mdogo amekula nguvu ya mkubwa. Nyumba inagawanyika. Mtoto aliyekuwa akimwosha ndugu yake anafukuzwa, analala sokoni. Na mwenye ulemavu amepoteza mikono iliyomsaidia.

Yohana 9 imekwisha kulijibu jambo hili. Wanafunzi walitafuta mwenye kosa, kama ni kipofu mwenyewe au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Sisi ni nani hata tuongeze wa tatu, yaani dada yake?

Tena Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na inaagiza sheria imwadhibu anayefanya hivyo. Kwa hiyo anayesema neno kama hilo amekosa mbele ya madhabahu na mbele ya serikali. Ulemavu una sababu nyingi zinazojulikana: polio kwa asiyechanjwa, muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha unaoleta ugonjwa wa konzo, shida ya kuzaa, moto, risasi. Maono yanayomfukuza mtoto nyumbani yapimwe na wazee kabla ya kusemwa mbele ya watu.

5. VIONGOZI WAFANYE NINI

Katika Matendo 6 wajane fulani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema tu kwamba wataomba. Walichagua watu saba. Kazi ya ushemasi ilizaliwa kwa sababu ya watu waliosahauliwa. Basi tufanye hivi:

a) Tuhesabu. Kila mkubwa wa kikundi, pamoja na nyumba kumi na shefu wa avenyi, aandike nyumba zenye mtu mwenye ulemavu, na chini yake aandike majina ya ndugu zake, umri wao, na kama wanasoma. Hesabu hii ni ya kusaidia, haisomwi mbele ya kanisa.

b) Tukitembelea, tumsalimu na ndugu kwa jina lake. Mmoja wetu abaki na mgonjwa, mwingine aketi nje na mtoto yule robo saa. Asimhubirie. Amsikilize.

c) Tuweke zamu. Wamama wachague siku mbili kwa juma, vijana siku moja. Siku hiyo mtoto anakwenda shule, au anacheza mpira, au analala tu. Kupumzika kwake pia ni huduma.

d) Tusimame katika shule. Shemasi aende pamoja na mzazi kwa mkubwa wa shule, amweleze kwa nini mtoto huchelewa. Mwalimu akijua, hatamfukuza haraka.

e) Tuwakutanishe. Kule Marekani, katika mji wa Seattle, bwana mmoja Don Meyer alianzisha mikutano ya watoto wenye ndugu walemavu. Wanacheza, wanakula, kisha wanaelezana mambo yao, na mtoto anagundua kwamba hayuko peke yake. Jambo hili halihitaji feza nyingi. Mti wa mwembe, mpira, na muhogo wa kuchoma baada ya ibada vinatosha.

f) Tuseme ukweli katika mambo ya ndoa. Ukoo ukija kuposa na kurudi nyuma kwa sababu ya ulemavu wa ndugu, wazee wa kanisa waende kuwaeleza. Kunyamaza kwetu kunakubali neno la laana.

g) Tupange mapema. Kila kikundi kijue, kama siku ya kukimbia itafika, ni wanaume gani wanne watabeba kipoyi, na kinga ya nani itachukua vyombo. Tupange pia na wazazi, wangali hai, nani katika ukoo atashirikiana katika malezi.

h) Tujue haki. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Na kule Bukavu kituo cha Heri Kwetu kimehudumia wenye ulemavu wa viungo kwa miaka mingi. Mwenye ulemavu akipata matibabu, shule na kazi, mzigo wa ndugu yake unapungua. Tena tusimfanye mwenye ulemavu kuwa mzigo tu: yeye naye ana mashauri, ana mikono ya kazi, anaweza kumfundisha mdogo wake kusoma. Aulizwe.

6. HURI NI NANI?

Tunamaliza na Kutoka 17. Vitani, mikono ya Musa ilichoka. Wakamwekea jiwe akaketi, na mikono yake ikashikwa, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likashuka. Haruni ndugu yake alishika upande mmoja. Angekuwa peke yake, upande wa pili ungeanguka. Upande wa pili alikuwako Huri.

Katika nyumba nyingi za Sange Haruni yuko tayari. Ana miaka kumi, kumi na miwili. Ameshika upande wake tangu asubuhi. Upande wa pili hakuna mtu, na jua bado halijashuka.

Mtauliza msichana yule alifika wapi. Kanisa liliweka zamu, lakini kwa kuchelewa. Alirudi shuleni akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, akavumilia kuchekwa, akamaliza shule ya msingi, hakuendelea. Mkono wa kaka yake unafunguka, anashika jembe. Watu wanasema ni maombi yetu. Sisi tunajua ni Mungu, na tunajua alitumia mikono ya nani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika avenyi yako, ni nyumba gani yenye mtu mwenye ulemavu? Taja moyoni majina ya ndugu zake. Ni mangapi unayajua?
2. Kwa nini baba katika Luka 15 alitoka nje yeye mwenyewe?
3. Je, tumewahi kusema au kuamini neno la laana juu ya nyumba fulani? Tutalirekebisha namna gani?
4. Kikundi chetu kitachukua zamu gani, siku gani, kuanzia juma hili?

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemwona dada ya Musa kando ya mto, utufungue macho tuwaone walio mlangoni. Utusamehe maji tuliyokunywa bila kuuliza jina. Utufanye Huri. Amina.