Megawati za Sola: Jinsi ya Kupima Umeme, Gharama na Ardhi

Mwekezaji anapofika kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma kueleza mradi wa sola, aghalabu hutaja kwanza megawati na mabilioni ya shilingi. Peke yake, tarakimu hizo hazimwelezi mwananchi mengi. Lakini kwa kikokotoo cha simu anaweza kuzipima mwenyewe.

Tuchukue mtambo wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019. Una paneli 206,272, kila moja ya wati 265. Zidisha, utapata megawati 54.6 hivi. Hizo ni nguvu za paneli jua likiwa kali na paneli zenyewe zikiwa hazijapata moto. Usiku ni sufuri. Mawingu na vumbi hupunguza, na hata joto hupunguza: paneli hupenda mwanga, si joto.

Mtambo huo ulikadiriwa kutoa takriban uniti milioni 76 kwa mwaka, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Gawanya kwa kilowati 54,600, kisha kwa siku 365, unabaki na chini kidogo ya saa 4 kwa siku. Ndicho kipimo cha kukumbuka: kilowati mara saa 4 mara siku 365. Anayekuahidi saa 8, muulize jua hilo atalitoa wapi.

Upande wa gharama ndio wenye mitego. Garissa iligharimu takriban KSh bilioni 13.7. Ukigawa kwa uniti za miaka 25, kila uniti inatoka kwa shilingi 7 na senti kidogo. Hesabu hiyo inavutia lakini inapotosha, kwa sababu fedha za ujenzi hutakiwa mwanzoni, na mara nyingi ni za mkopo. Tuseme (huu ni mfano tu, si masharti ya mkopo wa Garissa) kiasi hicho kinalipwa kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 2, malipo ya mwaka ni KSh milioni 838, yaani shilingi 11 kwa uniti. Kwa riba ya asilimia 8, yanafika bilioni 1.4, zaidi ya shilingi 18 kwa uniti. Jua ni lile lile na paneli ni zile zile! Na bado hujahesabu kuosha paneli, ulinzi, vipuri na nyaya za kufikisha umeme kwenye gridi.

Bei ya paneli imeshuka sana tangu wakati huo, kwa hivyo mradi mpya usipimwe kwa shilingi za Garissa. Njia ya hesabu ndiyo ile ile. Uliza pia kama bei iliyotajwa ina betri, kwani matumizi ya umeme nchini hufika kilele jioni, jua likiwa limekwisha kutua.

Kisha kuna ardhi. Mtambo wa Garissa uko kwenye hekta 85, karibu ekari 210, yaani chini ya ekari 4 kwa megawati. Mradi wa megawati 40 ukiomba ekari 1,000, sababu ya ekari zinazozidi ielezwe waziwazi kabla ya mtu kutia sahihi. Kwa ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii husika katika mkutano wao.