SOMO LA UFUNDI: KUCHORA MANDHARI KWA VISANDUKU VYA MISHUMAA

Somo hili limekusudiwa vijana wenye kipaji cha kuchora, wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti, na vikundi vinavyotengeneza mishumaa na vingependa kuiuza kama zawadi.

Mshumaa wa kawaida hununuliwa stima ikipotea. Mshumaa wa nta ya nyuki, au wa nta ya soya uliotiwa manukato, hununuliwa kwa sababu nyingine: kumzawadi mtu, kupamba chumba cha hoteli, au kubebwa na mgeni anaporejea kwao. Mnunuzi wa aina hiyo hukiona kisanduku kabla ya kuuona mshumaa wenyewe. Hapo ndipo mchoraji hupata kazi, na hapo pia ndipo wengi hupoteza haki yao bila kujua.

1. Mtindo wenyewe

Mtindo unaopendwa sana kwa visanduku vya namna hii ni impreshonizimu. Ulianzia Ufaransa. Mwaka wa 1874 wachoraji kadhaa, wakiwemo Claude Monet na Berthe Morisot, walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris nje ya maonyesho rasmi ya serikali. Jina la mtindo lilitokana na picha ya Monet ya bandari alfajiri. Mwandishi mmoja wa magazeti alilitumia kwa kejeli, nalo likabaki.

Kilichowatofautisha ni mambo matatu. Walichora nje, mbele ya mandhari yenyewe, kazi iliyorahisishwa na mirija ya bati ya kuhifadhia rangi iliyobuniwa mwaka wa 1841. Walipaka rangi kwa mipigo mifupi ya burashi inayoonekana, bila kuilainisha. Na walichora mwanga zaidi ya vitu: kati ya 1890 na 1891 Monet alichora malundo yaleyale ya nafaka mara nyingi, kila mara kwa saa na hali ya hewa tofauti.

Mtindo huu unafaa kisanduku kwa sababu picha ni ndogo na hutazamwa kutoka rafuni, hatua mbili au tatu mbali. Kwa umbali huo macho huunganisha mipigo ya burashi kuwa picha kamili, ilhali maelezo madogomadogo hupotea.

2. Kuchagua mandhari

Wachoraji wengi wanaoanza hunakili mashamba ya maua ya Ulaya kutoka kwenye simu. Hilo lina hasara mbili. Picha ya mtu mwingine iliyo mtandaoni kwa kawaida inalindwa na sheria. Pia mshumaa wa nta ya Kilifi wenye picha ya Ufaransa haumwambii mnunuzi chochote kuhusu ulikotoka.

Mandhari ya nyumbani yako tele. Marafa, mahali wenyeji wanapoita Nyari, kuna makorongo yenye matabaka ya udongo mweupe, wa waridi, wa machungwa na mwekundu. Mida kuna mikoko, na maji yanayojaa na kupwa. Pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kuna wafugaji wa nyuki, hivyo mshumaa wa nta na picha ya msitu husimulia habari moja.

3. Hatua za kuchora

Kwanza, kupima kisanduku. Kwa mfano, kisanduku chenye upana wa sentimita 8.5 kila upande na kimo cha sentimita 10 kina pande nne zinazofanya ukanda wa sentimita 34 kwa 10. Mchapishaji huhitaji milimita 3 za ziada kila ukingo ili karatasi ikikatwa usibaki mstari mweupe. Ukanda huwa sentimita 34.6 kwa 10.6, pamoja na sehemu ya gundi ya takriban sentimita 1.5. Ukanda huo unaenea kwenye karatasi moja ya A3, ambayo ina urefu wa sentimita 42.

Pili, kutenga nafasi za maandishi. Jina la bidhaa, jina la mtengenezaji, uzito na onyo la moto vinahitaji mahali patulivu. Anga au maji hufaa. Mchoraji asiyeacha nafasi hiyo huishia kuona kazi yake imefunikwa na kibandiko.

Tatu, kutazama kabla ya kupaka. Mchoraji huenda mahali palepale mara tatu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi na moja na nusu jioni. Kila mara huchora picha ndogo ya sentimita 10 kwa 10 kwa muda usiozidi nusu saa. Mchana vivuli ni vifupi na rangi huonekana zimefifia. Asubuhi na jioni vivuli hurefuka, na picha hupata kina.

Nne, kupaka. Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba haikunjiki ovyo ikilowa. Anga na maji hutangulia kwa rangi nyepesi na burashi pana. Miti, ardhi na mapaa hufuata kwa mipigo mifupi. Kila mpigo huachwa ulivyo. Kuurudiarudia huchafua rangi.

Tano, vivuli. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi. Kivuli cha mchanga wakati wa jua la jioni si cheusi. Huelekea buluu na zambarau, kwa kuwa mwanga wa jua ni wa machungwa na kivuli hupokea mwanga wa anga. Rangi hizi zikikaa bega kwa bega, kila moja huing'arisha mwenzake. Pakihitajika giza zito, buluu iliyokoza huchanganywa na kahawia, na rangi nyeusi ya kopo huwekwa kando.

Sita, kuikagua. Picha husimamishwa ukutani na kutazamwa kutoka hatua tatu. Kisha karatasi hukunjwa kwa nakala, si kwa picha asilia, ili kuona kama kila upande unapendeza ukiwa peke yake.

4. Kuchapisha au kupaka kila kisanduku

Kikundi kina njia mbili. Ya kwanza ni kuchora picha moja, kuiskani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na kuichapisha. Skana nyingi za saiba ni za A4, kwa hiyo picha huskaniwa vipande viwili na kuunganishwa. Nakala moja ya majaribio ni lazima, kwani rangi kali za skrini, hasa kijani na buluu, hufifia zikichapishwa.

Ya pili ni kupaka kila kisanduku kwa mkono. Kisanduku kimoja kikichukua dakika 40, visanduku 100 ni takriban saa 67 za kazi. Muda huo ni lazima uwe ndani ya bei. Kwa njia hii akriliki ni bora kuliko rangi za maji, kwa sababu ikishakauka haiyeyuki mkono wenye unyevu ukiigusa.

5. Haki ya mchoraji

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa pawe na makubaliano yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Yaani, mchoraji anayekubali kazi kwa mdomo anaweza kuiona picha yake kwenye vikombe na kalenda bila malipo ya ziada.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kabla ya burashi kuguswa. Yaeleze: picha itatumika kwa bidhaa gani, kwa muda gani na nakala ngapi, malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini, marekebisho mangapi yamejumuishwa, picha asilia itabaki kwa nani, na kama jina la mchoraji litaandikwa kwenye kisanduku. Kazi inaweza pia kusajiliwa kwa KECOBO, bodi inayosimamia hakimiliki nchini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mipigo ya burashi inayoonekana inafaa picha ya kutazamwa kutoka rafuni?
2. Kisanduku chenye upana wa sentimita 7 kila upande na kimo cha sentimita 9 kinahitaji ukanda wa ukubwa gani, pamoja na milimita 3 za kila ukingo?
3. Mteja akitaka kutumia picha ya mshumaa kwenye sabuni pia, mkataba ungepaswa kuwa umesema nini?

Jibu la swali la pili: sentimita 28.6 kwa 9.6, bila sehemu ya gundi.